Njeo za vitenzi vya Kiingereza: mwongozo kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Ukisema "nilisoma", "ninasoma" na "nitasoma", umehama kutoka wakati mmoja hadi mwingine kwa kubadili silabi moja tu, na mzizi umebaki vilevile. Kitenzi cha Kiingereza hakina nafasi kama hiyo katikati yake. Kina njia mbili: ama chenyewe kinabadilika umbo, kama *work* inavyokuwa *worked*, ama kinatanguliwa na kitenzi kisaidizi, kama *will work*. Yote yatakayofuata hapa ni mchanganyiko wa njia hizo mbili.

Kabla ya orodha yoyote, shika kanuni moja, kwa sababu inazuia makosa mengi kuliko orodha zote: kila kishazi, yaani fungu la maneno lenye kitenzi chake, huonyesha wakati mara moja tu, na kinachouonyesha ni kitenzi cha kwanza. Kisaidizi kikiwapo, ndicho kinachobeba wakati, na kitenzi kikuu hakiubebi tena. *Did you went?* ni kosa kwa sababu hiyo: *did* imeshatuambia kwamba jambo limepita, kwa hiyo *go* inabaki *go*. Kiswahili nacho hakirundiki nyakati. Hakuna anayesema "nilinasoma".

Hatua ya kwanza: jifunze kila kitenzi kwa maumbo matatu

Usiandike *go* peke yake kwenye daftari lako. Andika *go, went, gone*. Umbo la kwanza ndilo la kwenye kamusi. La pili ni la wakati uliopita. La tatu hutumika pamoja na *have* au *has*, na tutalikuta tutakapofika kwenye "-me-". Maumbo mengine mawili, lenye *-s* na lenye *-ing*, huundwa kutokana na la kwanza, kwa hiyo hayahitaji kukaririwa.

Vitenzi vingi ni vitiifu: umbo la pili na la tatu yanafanana, yote mawili yakiishia na *-ed*, kama *work, worked, worked*. Bahati mbaya ni kwamba vinavyotumika zaidi ndivyo vikaidi. *Be, have, do, say, go, get, make, know, think, take, see, come*: hakuna hata kimoja hapo kinachofuata kanuni. Faraja ni kwamba kitenzi kipya kikizaliwa katika Kiingereza, huzaliwa kitiifu. Aliyekutumia ujumbe wa simu *texted you*, na huhitaji kamusi kulijua hilo.

*Be* iko peke yake. Ina maumbo manane: *be, am, is, are, was, were, been, being*. Yakariri siku ya kwanza, maana nusu ya kazi iliyobaki inayategemea.

Hatua ya pili: wakati uliopo, ambao kwa Kiingereza ni nyakati mbili

"Anafundisha hisabati" ina maana mbili. Huenda hiyo ndiyo kazi yake, au huenda yuko darasani sasa hivi na hapaswi kukatizwa. Kiswahili huuachia muktadha kazi ya kutofautisha. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Jaribio ni jepesi: ongeza "kila siku" kwenye sentensi, kisha ongeza "sasa hivi", uone ipi inaafiki maana yako.

Ikiwa ni "kila siku", au kama ungeweza kutumia "hu-", tumia umbo la kwanza lenyewe: *I teach, you teach, we teach, they teach*. Nafsi ya tatu umoja peke yake ndiyo inayoongezewa *-s*: *he works, she reads, it rains*. Kitenzi kikiishia na *s, sh, ch, x, z* au *o*, huongezewa *-es*: *teaches, washes, fixes, goes, does*. Kikiishia na konsonanti ikifuatwa na *y*, hiyo *y* hugeuka: *study* huwa *studies*, *carry* huwa *carries*. Irabu ikitangulia *y*, hakuna kinachogeuka: *plays, buys*. *Have* huwa *has*. Na angalia matamshi mawili ambayo maandishi yanayaficha: *says* hutamkwa "sez", na *does* hutamkwa "daz".

Hiyo *-s* ni ndogo lakini husahaulika kuliko kitu kingine chochote. Sababu naielewa: kwetu nafsi huonekana mwanzoni mwa kitenzi, kwa hiyo sikio halijazoea kuisubiri mwishoni. Ukimaliza kuandika ukurasa, upitie mara moja ukitafuta *he, she, it* na majina ya umoja tu, na uangalie kitenzi kinachofuata.

Ikiwa ni "sasa hivi", tumia *am, is* au *are* pamoja na kitenzi chenye *-ing*: *I am teaching, she is teaching, they are teaching*. Vitenzi vinavyoishia na *e* isiyotamkwa huidondosha: *write, writing, make, making*. Vitenzi vifupi vyenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni huirudia konsonanti hiyo: *run, running, sit, sitting*. Nayo *lie* huwa *lying*.

Mitego iko miwili. Wa kwanza ni kuacha *-ing*: *I am go*, *I am agree*. Kitenzi hakikai katika umbo la kwanza baada ya *am, is, are*. Sema *I am going*, au *I agree* bila *am*. Wa pili ni kuweka *-ing* pale isipotakiwa. Vitenzi vya kujua, kutaka, kupenda na kumiliki havionyeshi tendo linaloendelea bali hali, na Kiingereza sanifu huviacha katika umbo la kwanza hata kama jambo ni la sasa hivi: *I know, I want, I need, I like, I believe, I understand*. Usiseme *I am having two brothers*. Sema *I have two brothers*. Baadhi hubadilika maana: *I think* ni kutoa maoni, *I am thinking* ni kuwa katikati ya kutafakari.

Hatua ya tatu: wakati uliopita

Hapa nafsi haina shida. *I worked, you worked, she worked, they worked*: umbo ni lilelile. *Be* peke yake ndiyo inayogawanyika: *was* kwa *I, he, she, it*, na *were* kwa waliobaki.

Kwa vitenzi vitiifu ongeza *-ed*. Chenye *e* mwishoni huongezewa *d* tu: *live, lived*. *Study* huwa *studied*, lakini *play* huwa *played*. *Stop* huwa *stopped*, na *plan* huwa *planned*. Kitenzi chenye silabi mbili hurudia konsonanti ikiwa mkazo uko kwenye silabi ya mwisho, kama *prefer, preferred*. Mkazo ukiwa mwanzoni, hakirudii: *open, opened, visit, visited*. Kuna ubishi mmoja utakaokutana nao: Waingereza huandika *travelled*, Wamarekani *traveled*. Chagua mmoja na ubaki nao.

Matamshi ya *-ed* ni matatu, na hayafundishwi vya kutosha. Baada ya sauti zisizo na mtetemo kooni, kama *k, p, s, sh, ch, f*, husikika "t": *worked* ni "wokt", *stopped* ni "stopt". Baada ya irabu na sauti zenye mtetemo, husikika "d": *played, lived, opened*. Ni baada ya *t* au *d* tu ndipo inapokuwa silabi nzima, "id": *wanted, needed, waited*. Sisi tumezoea kumaliza maneno kwa irabu, kwa hiyo *worked* hututoka kama "wokedi". Dawa ni kuisema pamoja na neno linaloanza kwa irabu: *worked at, stopped in, played a*. Sauti ya mwisho huteleza kuingia neno linalofuata, na irabu ya ziada hukosa pa kukaa.

Sasa vikaidi. Usivikariri kwa alfabeti, kama orodha nyingi zinavyovipanga. *Bring* haina uhusiano wowote na *build* zaidi ya herufi ya kwanza. Vipange kwa mlio.

Kuna visivyobadilika kabisa: *cut, put, hit, shut, cost, let, set*. *Read* nayo haibadiliki kwa maandishi, ila wakati uliopita hutamkwa "red", kama jina la rangi nyekundu.

Kuna ambavyo umbo la pili na la tatu ni moja. Humo mna familia ya mlio wa "ot": *buy, bought, bring, brought, think, thought*, pamoja na jamaa zake wa karibu *teach, taught* na *catch, caught*. Mna familia ya irabu inayofupika: *sleep, slept, keep, kept, feel, felt, leave, left, meet, met*. Mna inayobadili *d* kuwa *t*: *send, sent, spend, spent, lend, lent, build, built*. Wengine ni *sell, sold, tell, told, say, said, pay, paid, make, made, have, had, hear, heard, find, found, lose, lost, understand, understood*.

Kundi la tatu lina maumbo matatu tofauti, na hilo ndilo la kusoma kwa sauti mpaka ulimi uzoee:

*begin, began, begun. Drink, drank, drunk. Sing, sang, sung. Swim, swam, swum*
*write, wrote, written. Drive, drove, driven. Speak, spoke, spoken. Break, broke, broken. Choose, chose, chosen*
*know, knew, known. Grow, grew, grown. Throw, threw, thrown*
*take, took, taken. Give, gave, given. See, saw, seen. Eat, ate, eaten. Fall, fell, fallen*
*go, went, gone. Do, did, done*

Wachache hurudi walikotoka: *come, came, come, become, became, become, run, ran, run*.

Kuna tofauti moja ya usimulizi ambayo haimo katika orodha za vitenzi. Kwa Kiswahili, "-li-" ikishatajwa mara moja, tendo linalofuata huchukua "-ka-": "Nilifungua mlango, nikaingia, nikakaa." Kiingereza hakina "-ka-". Kila tendo la kisa ni kishazi chake, na kila kimoja kinadai umbo la pili: *I opened the door, went in and sat down.* Anayeandika *I opened the door, go in and sit down* amesikiliza Kiswahili chake vizuri mno.

"Nilikuwa ninapika aliponipigia" ni rahisi kuliko inavyoonekana. Chukua *am cooking*, peleka *am* nyuma iwe *was*, basi: *I was cooking when he called me.*

Hatua ya nne: kukanusha na kuuliza

Hapa ndipo ile kanuni ya mwanzo inapolipa. Kitenzi cha kawaida hakiwezi kukanushwa wala kugeuzwa swali peke yake. Huomba msaada wa *do*. Kwa wakati uliopo ni *do*, au *does* kwa nafsi ya tatu umoja. Kwa uliopita ni *did* kwa nafsi zote. Kisaidizi kinachukua mzigo wote, pamoja na ile *-s*:

*She knows. She does not know. Does she know?*
*They went. They did not go. Did they go?*

Tazama jinsi *-s* ilivyohama kutoka *knows* kwenda kwenye *does*, na jinsi *went* ilivyorudi kuwa *go*. *She doesn't knows* na *They didn't went* ni mzigo mmoja uliobebwa na watu wawili.

*Be* haihitaji *do* katika hali hizi. Hugeuzwa yenyewe: *She is tired. She is not tired. Is she tired?* Vivyo hivyo *was* na *were*. *Have* ikiwa kisaidizi, na *will*, nazo hujitegemea: *Have you eaten? Will you come?*

Hatua ya tano: "-me-", panapohitaji uangalifu zaidi

Vitabu vingi husema "-me-" ni *have* au *has* pamoja na umbo la tatu, kisha huendelea na safari. Hiyo ni kweli kwa sehemu. "Nimepoteza ufunguo" ni *I have lost my key*, kwa sababu jambo limeshatokea, matokeo yake bado yapo, na siku lilipotokea haikutajwa wala haina umuhimu. "Sijala" ni *I have not eaten yet*. "Ameshaondoka" ni *She has already left*, ingawa Mmarekani anaweza kusema *She already left* na asionekane amekosea. "Umewahi kuona theluji?" ni *Have you ever seen snow?*

Mambo huharibika katika sehemu tatu.

Kwanza, Kiswahili kinaruhusu "Amefika jana". Kiingereza hakiruhusu *He has arrived yesterday*. Ukishataja wakati uliokwisha, kama jana, mwaka jana, mwaka 2015 au dakika tano zilizopita, rudi kwenye umbo la pili: *He arrived yesterday.* Hili halina majadiliano.

Pili, kuna "-me-" inayoeleza hali aliyo nayo mtu sasa, wala si tendo lililokwisha. "Amelala" si *He has slept*, kwani hiyo ingemaanisha kwamba alilala na usingizi umeisha. Ni *He is asleep* au *He is sleeping*. "Amesimama mlangoni" ni *He is standing at the door*. "Amevaa kofia" ni *She is wearing a hat*. "Nimechoka" ni *I am tired*, "nimeshiba" ni *I am full*, na "nimeelewa" mara nyingi ni *I understand*. Jiulize: hali hiyo inaendelea sasa hivi, machoni petu? Kama ndiyo, huenda hapo hapahitaji *have*.

Tatu ni kinyume chake. "Ninafanya kazi hapa tangu 2019" ina "-na-", lakini Kiingereza kinataka *have*: *I have worked here since 2019*, au *I have been working here since 2019*. Jambo lililoanza zamani na bado linaendelea halipewi wakati uliopo wa kawaida. *Since* hufuatwa na mwanzo wa jambo, *for* hufuatwa na urefu wake: *since Monday, for three days*.

Na kuna tofauti ndogo kati ya *gone* na *been*. *She has gone to London* maana yake hajarudi. *She has been to London* maana yake alishawahi kwenda, na sasa yuko kwingine.

Hatua ya sita: wakati ujao

Kiingereza hakina umbo la kitenzi kwa ajili ya wakati ujao. Kinaazima. Njia kuu ni *will* ikifuatwa na umbo la kwanza, bila *to*, bila *-s*, kwa nafsi zote: *I will go, she will go, they will go.* Kanushi ni *will not*, na katika mazungumzo *won't*. Tamka *won't* kwa irabu ndefu, karibu na "wount", maana ukiifupisha itasikika kama *want*, na msikilizaji ataelewa kwamba unataka jambo unalolikataa.

*Will* haikai pamoja na *can* wala *must*. "Nitaweza kusaidia" ni *I will be able to help*, na "itanibidi nisubiri" ni *I will have to wait*.

*Going to* hutumika kwa mpango uliokwisha kuwa nao moyoni, au kwa jambo ambalo dalili zake zinaonekana: *I am going to study law. Look at those clouds; it is going to rain.* Kwa miadi iliyopangwa na mtu mwingine, Waingereza hupenda wakati uliopo wenye *-ing*: *I am meeting the doctor on Friday.* Kwa ratiba, wakati uliopo wa kawaida unatosha: *The train leaves at six.* Ukichanganya *will* na *going to*, mara nyingi utaeleweka tu. Usizipotezee muda mwingi mwanzoni.

Tumia muda huo kwa hili badala yake. "Nitakapofika, nitakupigia" ina "-ta-" mara mbili, na hiyo ni sahihi kabisa kwetu. Kwa Kiingereza, kishazi kinachoanza na *when, if, before, after, until* au *as soon as* kwa maana ya wakati au sharti hakichukui *will*, hata kama jambo ni la kesho: *When I arrive, I will call you.* *When I will arrive* ni kosa linalowaandama hata watu wanaozungumza Kiingereza kwa ufasaha.

Jipime

Tafsiri sentensi hizi sita kwa kuandika, kabla ya kusoma majibu: Hakuja mkutanoni. Yeye huendesha gari? Amevaa koti jeusi. Walizima taa, wakafunga milango, wakaondoka. Tunaishi hapa tangu 2020. Utakapoisoma barua, utaelewa.

*He did not come to the meeting.* Kama uliandika *did not came*, rudi hatua ya nne.

*Does she drive?* Ni mazoea, na *-s* iko ndani ya *does*. *He* ingefaa vilevile, maana "yeye" haisemi ni mwanamume au mwanamke.

*She is wearing a black coat.* Koti liko mwilini sasa.

*They switched off the lights, locked the doors and left.* Vitenzi vitatu, maumbo ya pili matatu. *Closed* badala ya *locked* ni sawa pia.

*We have lived here since 2020.* *We have been living* ni sawa pia. *We are living* si sawa.

*When you read the letter, you will understand.* Hapa *read* hutamkwa "rid", kwa sababu ni umbo la kwanza.